Masaa Mawili ya Mwalimu Mbelu

Mwalimu Mbelu alianguka kwenye pikipiki Jumanne moja ya mwezi wa pili, karibu na soko la Kasuku, dereva wake, motari, alipomkwepa mbuzi. Kichwa chake kiligonga ardhi upande wa nyuma, juu kidogo ya shingo. Alisimama, akapangusa vumbi kwenye kitenge, akaokota mfuko wake wa madaftari, akamwambia motari asiogope. Kisha akatembea hadi shuleni na kufundisha mpaka mwisho wa masomo. Wanafunzi wake hamsini na wanane wa darasa la sita hawakuona kitu chochote, isipokuwa kwamba siku hiyo mwalimu aliwauliza mara tatu tarehe ni ngapi.

Jioni, nyumbani Alunguli, ng'ambo ya mto, alitapika. Asubuhi yake aliinuka kitandani, sakafu ikamwendea kombo, akakaa tena.

Mume wake Tshibangu, mfanyakazi wa reli mwenye miaka hamsini na tisa, hakwenda kazini. Alimshika mkono, wakaenda polepole hadi kituo cha afya, wakipita upande wenye kivuli. Mganga wa zamu aliitwa Zuberi. Zamani alikuwa mwanafunzi wa Mbelu, na hata sasa, akiwa amevaa koti jeupe, alisimama wima mbele yake kama anayesubiri kuulizwa somo.

Zuberi alimmulika macho kwa tochi, akamwambia aguse pua kwa kidole, atembee juu ya mstari wa sementi, kisha ataje miezi kinyumenyume. Mbelu alikuwa amewafundisha watoto wa Kindu miezi ya mwaka kwa miaka zaidi ya ishirini. Alianza vizuri, Desemba, Novemba, Oktoba, halafu akakwama. Alitazama ukuta kwa muda mrefu.

"Septemba," alisema Zuberi kwa upole.

"Naijua," alijibu Mbelu. Machozi yalimtoka bila yeye kuyaruhusu, na hilo lilimuudhi kuliko maumivu.

"Mama mwalimu, hakuna kitu ilivunjika," Zuberi alisema akiketi. "Ubongo ilitikisika. Kidonda haionekane, lakini ndani kuna kazi ya kujipanga tena, na kazi ile inakula nguvu. Siku mbili tatu unapumzika kabisa. Kisha unaanza kidogo kidogo. Unafanya kitu kimoja, unakaa. Kingine, unakaa. Unaacha mbele kichwa haijaanza kuuma. Ni kama simu yenye betri ya zamani, usingojee izimike."

Akamgeukia Tshibangu. "Na akitapika tena, ao akilala na kuamka iwe shida, ao mukono moja ilegee, munaleta yeye hapa palepale. Hata kama ni saa gani."

Tshibangu alikuwa amesimama karibu na mlango, kofia mkononi. "Na kama muntu hakupumzika?" aliuliza.

"Inaendelea, baba. Miezi. Kwa wengine miaka."

"Miaka," alirudia Tshibangu. Zuberi alidhani ni hofu ya mume kwa mke wake, akamwekea mkono begani.

Wiki hiyo Tshibangu alibadilisha nyumba. Alitundika kitenge kizito dirishani mwa chumba. Alibeba kinu cha kutwangia mpunga, akakipeleka uani kwa jirani yao, Mama Espérance, na kuomba kitumike huko kwa muda. Binti yao Misenga, aliyekuwa na miaka ishirini na miwili na akisoma chuo cha ualimu, alipewa maagizo ambayo yalimshangaza.

"Usimusemeshe mama yako kutoka nyuma. Kwanza aone uso yako. Na usimuulize mambo mbili mara moja. Uliza moja, ngoja."

"Ni muganga alisema hivyo?"

"Ndiyo."

Zuberi hakuwa amesema hivyo. Wala hakuwa amesema kwamba uji uletwe kabla ya mgonjwa kuona njaa, au kwamba sahani zisipangwe moja juu ya nyingine karibu na mlango. Misenga hakujua. Alitii tu, akaona kwamba kila jambo ambalo baba yake alilibuni lilimtuliza mama yake usoni.

Mbelu mwenyewe hakuzoea kulala mchana. Alilala akisikiliza mtaa ukifanya kazi: watu wanatwanga, watu wanafagia, pikipiki zinashuka kuelekea mtoni. Aliona aibu. Mama Espérance alipokuja kumsalimia siku ya saba, alimkuta kitandani amefunikwa shuka mpaka kidevuni.

"Bado unalala, mama mwalimu?" aliuliza Espérance. Sauti yake ilikuwa ya sokoni, imezoea kuita wateja. "Mimi nilianguka na gunia ya muchele kichwani, kesho yake nilikuwa kwenye meza yangu. Ukilala sana, ugonjwa inakuzoea."

Mbelu alitabasamu kwa sababu ya heshima. Espérance alipoondoka, maneno yake yalibaki chumbani.

Siku ya kumi aliamka mwepesi. Kichwa hakikuuma hata kidogo. Tshibangu alikuwa amevuka mto kwenda stesheni, Misenga alikuwa chuoni. Mbelu alifungua dirisha, akafagia uwanja wote, akafua mashuka, akachota maji mara mbili, akasahihisha imla za darasa zima moja baada ya nyingine, na alasiri akaenda mazoezi ya kwaya ya akina mama kanisani. Aliimba mpaka mwisho. Akarudi nyumbani anajiambia kwamba yote yamekwisha.

Kwa siku tatu baada ya hapo hakuweza hata kushika kikombe bila kukimwaga. Mwanga uliopita chini ya mlango ulimchoma macho. Tshibangu aliketi kwenye kigoda mbele yake, mahali anapoweza kumwona.

"Siku ile ulijisikia vizuri," alisema.

"Nilisikia muzima kabisa, Baba Misenga. Ndiyo maana nilifanya kazi."

"Najua. Siku nzuri ndiyo ya kuogopa. Siku mbaya unalala tu, haina hatari. Siku nzuri unafanya nusu ya ile unaona unaweza, unaacha."

"Nusu? Na ile ingine nani atafanya?"

"Itangoja."

"Wewe unasema kama muntu anajua," alisema Mbelu, kwa ukali kidogo.

Tshibangu alichukua kikombe, akamnywesha.

Direkta Onema, mkuu wa shule, alifika siku ya kumi na tisa, Jumamosi asubuhi, amevaa suti ya kaki na viatu vilivyochafuka kwa matope ya gati. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na shule yenye madarasa kumi na mawili na walimu tisa, na mtihani wa taifa wa darasa la sita ulikuwa mbele yake. Aliketi, akanywa maji, akamtazama Mbelu, ambaye kwa ajili ya mgeni alikuwa amevaa nguo ya kutokea na kusuka nywele.

"Mwalimu, namushukuru Mungu. Nakuona uko muzuri. Hata bandeji hauna."

"Ni ndani, bwana direkta."

"Ndani, ndiyo." Onema alizungusha glasi mikononi. "Nilimuweka mwalimu Nathalie kwenye darasa lako, lakini ni kijana, ana mwaka moja tu wa kazi. Watoto wanamuchezea. Wazazi wanauliza. Mimi nawajibu nini? Nikisema mwalimu anaumwa kichwa, wanacheka. Kila muntu anaumwa kichwa."

Misenga, aliyekuwa mlangoni, alitaka kusema kitu. Mama yake alimzuia kwa macho.

"Jumatatu nitakuja," alisema Mbelu.

Tshibangu aliporudi na kusikia, alisema kwamba kama ni lazima aende, atamsindikiza, na watatoka mapema, na wataketi kwanza gatini kabla ya kupanda mtumbwi, na baada ya kuvuka wataketi tena, na pikipiki hapana. Mbelu alikubali gati na mtumbwi. Kuhusu kuketi mara ya pili upande wa Kasuku, alisema watu watamwona kama bibi kizee. Jumatatu walipovuka, injini ya mtumbwi ikilia muda wote karibu na sikio lake, alipitiliza bila kuketi.

Kwa saa ya kwanza alifundisha kama zamani. Sauti ilitoka, chaki ilitii. Nathalie, aliyekuwa ameketi nyuma ya darasa, alikuwa akiandika kila kitu kwenye daftari lake. Saa ya pili mabati ya paa yalianza kutoa joto, na darasa la jirani likaanza kukariri kwa sauti moja. Mbelu aliandika hesabu ubaoni. Akageuka, akaeleza, akarudi ubaoni, akaandika hesabu ileile chini ya ile ya kwanza. Kisha akaiandika mara ya tatu.

"Mwalimu, tumeshafanya," alisema msichana mmoja wa mbele.

"Aksanti, Furaha."

Darasa lilicheka. Furaha alikuwa dada wa msichana huyo, aliyemaliza shule miaka miwili iliyopita. Kicheko cha watoto hamsini na wanane kiligonga kichwa cha Mbelu mahali palepale palipogonga ardhi ya Kasuku. Alishika meza. Alijua kwamba anatakiwa kusema kitu, na kwamba kitu hicho ni kifupi, lakini hakikuja. Alitoka nje, mkono ukipapasa ukuta, akaketi kwenye ngazi ya veranda na kuinamisha kichwa magotini.

Mzazi mmoja aliyekuwa amekuja kuonana na direkta alipita. Alisimama, akatazama mwendo wa mabega yake, akamwambia mwenzake bila kushusha sauti, "Asubuhi yote hii, tayari lotoko."

Mbelu hakuwahi kuonja pombe hiyo maishani mwake. Alitaka kuinuka na kumwambia hivyo, lakini miguu ilikataa. Nathalie ndiye aliyekuja, akasimama kati yake na jua, akabaki hapo hivyo mpaka Misenga alipopigiwa simu na kufika.

Barua ya direkta ililetwa Alhamisi. Ilikuwa na adabu nyingi. Ilisema kwamba mwalimu Mbelu arudi kazini kwa ratiba kamili kuanzia Jumatatu, la sivyo shule italazimika kumwombea nafasi yake mtu mwingine, kwa faida ya watoto. Misenga aliisoma mara moja kwa sauti ya chini. Mbelu alisema, "Basi, imekwisha," akageukia ukutani.

Ijumaa asubuhi Tshibangu alivaa koti lake la reli, lile la sherehe. Mbelu alipouliza anakwenda wapi, alisema, "Tunaenda wote." Safari hii waliketi mara mbili, na mara ya tatu chini ya ukuta wa shule, na Mbelu hakujali nani anamwona.

Ofisi ya Onema ilikuwa na madirisha mawili. Tshibangu aliomba ruhusa ya kufunga pazia la moja, akamkalisha mke wake upande huo. Yeye alibaki amesimama.

"Bwana direkta, wakati wa vita ulikuwa hapa?"

"Nilikuwa Kisangani."

"Sisi tulikuwa hapa. Mwaka wa elfu mbili na mbili. Mji ilifungwa, hakuna muntu wa kwenda shamba, hakuna treni. Watu wa bunduki walikuja stesheni kutafuta mazuti, mafuta ya treni. Mazuti haikuwako. Moja wao alinipiga hapa, na kitako ya bunduki." Aliinamisha kichwa, akapitisha kidole kwenye nywele zake za mvi. "Tazama. Unaona nini?"

Onema alitazama kwa sababu aliombwa. "Sioni kitu."

"Hakuna kitu. Kisha ya juma moja tu, kidonda ilikuwa imejifunga hivi. Nililala miezi mine katika chumba. Mwanga inanichoma. Mutoto akilia, natoka kwa magoti, naenda nyuma ya nyumba. Watu wanakufa na njaa, wanawake wanaenda kutafuta majani ya sombe mahali risasi iko, na mimi mwanaume nalala. Walisema mvivu. Walisema nimerogwa. Walisema najifanya ili nisibebeshwe mizigo ya askari. Mimi mwenyewe nilianza kuamini kama ni uvivu. Nikarudi kazini mbele ya wakati, nikaanguka. Nikarudi tena, nikaanguka."

Hakuwa akimtazama mke wake. Mbelu naye alikuwa ameacha kutazama sakafu.

"Mpaka leo niko na siku," Tshibangu aliendelea, kwa sauti ileile ya taratibu. "Zinakuja mara moja, mara mbili kwa mwezi. Siku ile naaga nyumbani, naenda stesheni. Kuna wagoni ya treni ya zamani kwenye njia ya nyuma, haina magurudumu. Naingia, nalala chini mpaka inapita. Miaka makumi mbili na mbili. Nyumbani wanafikiri niko kazini. Hakuna muntu aliniambia nipumzike wakati ilikuwa bado mupya. Huyu, muganga alimuambia. Mimi sitaki aende kutafuta wagoni yake."

Onema alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya tai, ingawa haikuwa na vumbi. "Baba, nakusikia. Lakini mimi niko na inspekta. Unataka nifanye nini?"

"Masaa mawili," alisema Mbelu. Wote wawili walimgeukia, kana kwamba wamesahau kuwa yupo. "Yale ya kwanza, mbele ya joto. Hesabu na Kifaransa. Nimepima mwenyewe: saa ya kwanza nilifundisha muzuri, muulize Nathalie. Nikiketi katikati, ya pili pia nitaweza. Kisha anachukua darasa, mimi naenda nyumbani. Kichwa ikinipa masaa matatu, nitakuambia. Ikinipa moja, nitakuambia pia."

"Inspekta hatakubali mwalimu wa masaa mawili."

"Basi darasa liandikwe kwa jina la Nathalie," alisema Mbelu.

Darasa la sita lilikuwa la Mbelu kwa miaka kumi na minne. Mjini kulikuwa na watu wazima waliomwita Mwalimu wa Sita bila kujua jina lake lingine. Onema aliangalia nakala ya barua yake mezani, akaikunja.

"Kwa mwaka huu," alisema. "Mwaka ujao tutaona."

"Mwaka ujao tutaona," alikubali Mbelu.

Gatini, wakisubiri mtumbwi ujae, waliketi juu ya gogo mbali kidogo na wasafiri wengine. Maji ya Lualaba yalikuwa mengi, rangi ya chai ya maziwa. Mbelu alikuwa amechoka, lakini si uchovu ule wa kuangusha vikombe.

"Na mimi?" aliuliza. "Wakati ule. Mimi nilisema nini?"

"Ulisema mengi. Ilikuwa vita."

"Sema moja."

Tshibangu aligeuza kofia mikononi. "Siku moja wanawake walikuwa kwa Espérance, wanachambua majani. Walikuuliza habari yangu. Ulisema, niko na watoto wawili, moja ananyonya, moja ana ndevu. Walicheka sana."

Mbelu alitafuta siku hiyo kichwani mwake, na hakuipata. Hilo lilimtisha, kwa sababu haikuwa kazi ya pikipiki. Aliisahau siku hiyo miaka mingi kabla, kwa kuwa kwake ilikuwa siku ya kawaida.

"Ulisikia wapi?"

"Nilikuwa kwa dirisha."

Mtumbwi ulipigiwa kelele ya kuondoka. Hawakuinuka.

"Ulikuwa na njaa," alisema Tshibangu. "Na ulikuwa unaenda kule kwenye risasi peke yako, kwa ajili yetu."

"Nilikuwa na njaa," alisema Mbelu. "Lakini nilisema."

Alimshika mkono, jambo ambalo watu wa umri wao hawafanyi gatini. Wakapanda mtumbwi uliofuata.

Nathalie aliandikwa mwalimu wa darasa la sita. Kila asubuhi Mbelu alifundisha masaa yake mawili, akafunga daftari, akamkabidhi kijana yule chaki mbele ya wanafunzi wote, akaondoka. Mwanzoni ilimuuma kuwasikia nyuma yake wakisema kwa pamoja, "Bonjour, mwalimu Nathalie." Alijifunza kuketi kabla ya kuchoka. Alijifunza kusema hapana kwa kwaya. Kulikuwa na majuma alipoongeza nusu saa, na juma moja, baada ya mafua, ambapo alirudi kwenye saa moja tu. Mtihani ulipofanyika, watoto walifaulu kama miaka mingine, si zaidi wala pungufu, na Onema hakusema neno lolote kuhusu barua tena.

Jumamosi moja ya mwezi wa saba, Tshibangu aliamka mapema na kuvaa shati la kazi. Mbelu alimtazama akifunga vifungo. Alifunga cha pili kwenye tundu la tatu, akafungua, akakosea tena. Jicho moja lilikuwa limefinywa, na mkono mmoja ulikuwa juu ya ukuta.

"Treni iko leo?" aliuliza Mbelu, baada ya kwenda kusimama mbele yake.

"Hapana."

"Unaenda wapi?"

"Naenda stesheni kidogo."

"Ile wagoni ni chuma tupu, Baba Misenga. Saa nne itakuwa jiko. Lala hapa."

Tshibangu alitazama mlango. Huko nje mtaa ulikuwa umeshaamka. Watu walikuwa wakipita na ndoo, wakisalimiana. "Watu wataniona," alisema.

"Wataona."

Alimwongoza mpaka kitandani, akafunga dirisha, akamwambia Misenga aende kufua kwenye kijito. Kisha akatoka, akaketi kwenye kiti barazani na kuanza kuchagua mchele kwenye ungo, punje kwa punje, bila haraka.

Mama Espérance alikuja saa tatu, sauti ikimtangulia. Alikuwa na mgeni aliyetaka kuuliza habari za mzigo wa treni. "Baba Misenga iko?"

"Iko," alijibu Mbelu. "Analala."

"Sasa hivi, jua yote hii?"

"Kichwa inamuuma. Ni ya tangu vita, Espérance. Ile siku walimupiga. Hakuwa mvivu. Alikuwa mugonjwa, na mimi nilikosea kumucheka, na ninyi pia mulicheka."

Aliyasema hayo bila ukali, lakini hakushusha sauti, na wanawake wawili waliokuwa wakipita na ndoo walisimama kusikiliza. Espérance alikuwa mtu wa maneno mengi, na ilimchukua muda kupata machache.

"Anahitaji kitu?" aliuliza hatimaye, kwa sauti ya chini ambayo Mbelu hakuwahi kuisikia kwake.

"Kimya tu."

Espérance alimshika mgeni wake mkono, wakaondoka wakikanyaga polepole.

Chumbani Tshibangu alikuwa amelala juu ya shuka na viatu vyake miguuni. Alikuwa amesikia kila neno. Alikaa kitandani, akafungua kamba za kiatu kimoja, kisha cha pili, akavisukuma chini ya kitanda mbali na mlango, akajifunika.